Umeme Unaojua Kihangaza

Niliambiwa kwamba kompyuta ikichajiwa kwa umeme wa Rusumo inajua lugha tatu bila kufundishwa. Na mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne nilichokisotea masomo ya jioni mpaka popo wa lile darasa wakanizoea, niliamini moja kwa moja.

Aliyeniambia alikuwa utingo wa lori, mtu mzima mwenye mvi za kidevuni, aliyeleta simu yake kwenye kibanda changu cha ufundi pale Runazi, Biharamulo. Alinieleza taratibu huku nikiichokonoa simu. Mto mmoja unatoka Burundi, wa pili unatoka Rwanda. Maji yanakutana, yanasalimiana, yanaporomoka pamoja kwenye mpaka wetu, mitambo inayadaka, na umeme unaopatikana unagawanywa nchi tatu.

"Sasa fundi, umeme uliozaliwa hivyo utakuwa na lugha moja?"

"Hauwezi," nikasema.

"Umesema mwenyewe. Mimi sijasema."

Ushahidi nilikuwa nao. Niliwahi kusimama Rusumo, upande wetu kabisa, bendera yetu inapepea juu ya kichwa changu, na simu yangu ikaingiza ujumbe wa kunikaribisha nchi ya jirani kwa lugha ya jirani. Fundi simu anajua habari za minara, na mimi nilizijua. Lakini jambo tamu likishaingia kichwani, minara haipati pa kukaa. Utingo akatazama paneli ya sola juu ya kibanda changu, akanionea huruma.

"Jua halina kabila, fundi. Linajua kuwaka tu."

Habari hii isingenihusu kama nisingekuwa na shida ya lugha, na shida yenyewe ilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu anaishi Nyakisasa, wilaya ya Ngara, na migomba yake, mbuzi wake na jumuiya yake ya kanisa. Msimu mmoja wa maharage alishikwa na kizunguzungu shambani, akaanguka juu ya matuta. Nesi wa zahanati alimpima, akakuta presha imepanda kama lori lisilo na breki, ila lenyewe linapanda badala ya kushuka. Akampa vidonge na sharti moja: kila siku, ujisikie mzima, ujisikie mgonjwa, kila siku.

Sharti hilo mama mkwe alilisikia kwa sikio la kushoto. Akijisikia vizuri, anaacha. "Nyumba isiyovuja haiezekwi," alisema. Mke wangu akimpigia simu kumuuliza, anajibu, "Nimemeza, mwanangu," huku vidonge viko kwenye kopo lao juu ya kabati, hata havijatikiswa.

Shemeji zangu, kaka za mke wangu, wakakaa kikao. Wakaamua kwamba kama presha haitakuwa imeshuka kufikia kliniki inayofuata, mama atahamishiwa kwetu Runazi akaangaliwe. Mbuzi watauzwa, migomba itakodishwa.

Mama mkwe alilia. Mimi pia nililia, kwa sababu zangu. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa umbali. Hawali sahani moja, hawapishani mlangoni, na nikimsalimia nainamisha kichwa naongea na vidole vya miguu yangu. Nyumba yangu ina vyumba viwili na mlango mmoja. Kama angehamia, mimi ningelazimika kuishi juu ya paa na sola.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, "wewe si unasema unaweza kutengeneza chochote? Basi tengeneza kitu cha kumfanya mama ameze dawa akiwa kwake."

Hivyo ndivyo kampuni yangu changa ya afya ilivyoanzishwa. Hakukuwa na mkutano wala chai. Jina pia halikuwepo, kwa kuwa mke wangu aliyakataa majina yote niliyopendekeza, akisema mengine yanafanana na dawa ya minyoo.

Mtaji ulikuwa laptopu ambayo wakala mmoja wa forodha aliniachia alipopata mpya. Ilikuwa na tundu pale ilipokuwa herufi A, na betri yake ilikata pumzi ukichomoa waya tu. Mwalimu wangu wa masomo ya jioni alinipa flashi yenye mfumo huria, wa bure, usiohitaji ruhusa ya mtu, na ndani yake programu za kila namna, za bure vilevile. Ya kurekodi sauti ilikuwemo. Ya kupanga saa ilikuwemo. Ilikuwemo na moja iliyojua kupiga simu yenyewe kupitia modemu, kile kidude cha kutia laini ya simu, ikipokelewa inacheza sauti, ikikatwa inaandika kwamba imekatwa. Nilipoona hiyo nilizunguka kibanda nikipiga makofi mpaka muuza sabuni jirani akadhani nimeumwa na nyuki.

Maelekezo ya programu zile yalikuwa marefu kuliko barabara ya kwenda Mwanza, na yote kwa Kiingereza. Nilisoma kidogokidogo na kamusi. Kila nilipokosea, laptopu iliandika sentensi nyekundu, na kila nilipoitafuta hiyo sentensi mtandaoni nilikuta mtu wa nchi ya mbali ameshaikosea kabla yangu na mwingine ameshamjibu bure. Watu hawajuani, hawajaonana, mmoja kakwama na mwingine anamvuta! Nilijiona kama niko kwenye jumuiya ya kanisa ya dunia nzima. Siku modemu ilipoipigia simu yangu mwenyewe, mimi nikiwa nimekaa hapohapo mbele yake, niliipokea kwa heshima zote nikasema, "Haloo, nani mwenzangu?"

Nikarekodi ujumbe wa kwanza kwa sauti yangu, kwa Kiswahili safi cha mtihani: "Mama, ni saa ya dawa. Kula kidogo, kisha meza kidonge kimoja." Nikapanga simu ipigwe asubuhi, kabla hajaenda shambani. Mke wangu alikwenda Nyakisasa kushuhudia.

Alinipigia akicheka mpaka maneno hayatoki.

"Umefanya nini wewe! Mama alikuwa anaoga!"

"Akapokea?"

"Akapokea. Akasikia sauti ya mkwe wake chumbani inamwamrisha kula! Amejifunika kitenge, amejifunika shuka, ametoka nje kwa mlango wa uani. Simu yake ya kitochi ameitupa kwenye gunia la maharage. Mpaka sasa gunia linaongea, 'Mama, ni saa ya dawa,' na mama anasema haingii ndani mpaka mkwe aondoke."

Basi sauti yangu ikafutwa. Tukarekodi ya mke wangu, kwa Kihangaza, lugha ya kwao Ngara, maana mimi ni Msubi wa Biharamulo na Kihangaza changu kinaishia kwenye salamu. Ikaonekana tumepata. Asubuhi ile simu ikapigwa, mama akapokea, na kwa taarifa ya jirani aliyekuwa akipita, alibishana na ile sauti kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Wewe nimekuzaa, nimekuosha, halafu leo unaniamrisha kidonge? Na unakata simu sijamaliza kusema!"

Dawa hakumeza. Kliniki ilikuwa inakaribia. Kaka mmoja alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa mbuzi.

"Tutafute mama mwingine wa Nyakisasa arekodi," nilisema. "Wa rika lake."

"Thubutu! Mama amesema mtu wa Nyakisasa asijue kwamba anaumwa. Wakijua, atazikwa kabla hajafa."

Kwa hiyo ilitakiwa sauti ya mwanamke mzima, anayejua Kihangaza, asiyemjua mama, asiyezaliwa naye wala kuolewa kwake. Ningempata wapi? Hapo ndipo nilipomkumbuka utingo. Lugha tatu! Na Kihangaza na Kirundi ni kama mtu na mdogo wake. Umeme unaojua Kirundi utashindwa na Kihangaza? Niliona mambo yote yamejipanga kama sahani kabatini.

Nikafunga laptopu kwenye fulana zangu, nikapanda pikipiki hadi barabara kuu, nikapata lifti ya lori. Vumbi la ile pikipiki lilinipaka hivi kwamba dereva aliponiona alidhani mnara wa kichuguu unampungia mkono.

Rusumo malori yalikuwa yamepanga mstari kama kawaida, madereva wanasubiri karatasi zao, mawakala wa forodha wanakimbia na bahasha kwapani. Niliingia kwa mama ntilie mmoja ambaye kibanda chake kilikuwa na soketi ukutani. Mama wa makamo, mwenye mwiko mrefu na sauti ya kutosha nchi tatu. Alikuwa anamgombeza Mrundi mmoja kwa Kirundi, anamwekea Mnyarwanda maharage kwa Kinyarwanda, na mimi akanipokea kwa Kiswahili, yote bila kuvuta pumzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umetoka kuzimu au umetoka Biharamulo?"

"Biharamulo, mama."

"Nilijua. Nawa hapo."

Nikala ndizi na maharage, nikamwomba nichaji. Nikafungua laptopu juu ya benchi, karibu na magunia ya mkaa. Nikaiweka ile sauti yangu ya Kiswahili icheze mara moja, umeme ujue ni maneno gani yanayotakiwa, halafu nikawasha kinasa sauti, nikaacha masikio yake wazi.

"Mama, nakuachia hii mpaka jioni," nikamwambia. "Inatakiwa kusema yale maneno kwa Kihangaza. Ni kwa ajili ya mama mkwe wangu. Ana presha, anaacha dawa. Asipomeza watamhamisha kwake, na anapapenda kwake, yeye na mbuzi wake."

Aliacha kukoroga.

"Na watamhamishia wapi?"

"Kwangu. Vyumba viwili."

"Mungu wangu. Sasa hii inasubiri nini?"

"Inasikiliza. Ikishiba umeme itasema yenyewe."

Alinitazama, akatazama laptopu, akacheka mpaka akashika nguzo. "Wewe baba ni mcheshi sana. Haya, nenda. Nimeelewa."

Nilifurahi kuona mtu asiye na elimu ya kompyuta ameelewa haraka vile. Nikashuka kuelekea darajani kuangalia maporomoko. Nilisimama pale muda mrefu nimevua kofia. Maji yalikuwa yananguruma yote pamoja, na nikaapa kwamba nasikia Kirundi upande wa kulia na Kinyarwanda kushoto. Niliyashukuru. Dereva mmoja aliyekuwa ananyoosha miguu aliniuliza naongea na nani. Nikamjibu, "Na mwalimu."

Jioni nilirudi, nikazima kinasa sauti, nikacheza kilichonaswa. Mwanzoni sufuria, sufuria, mtu anaomba chumvi. Kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa, ya taratibu, kwa Kihangaza! Nilipiga ukelele hata wenye malori wakadhani mpaka umefunguliwa.

"Mama! Imesema!"

"Si imesema?" mama ntilie akajibu, anafuta mikono kwenye kanga, anatabasamu. "Imesema vizuri?"

"Vizuri kuliko mtu!"

"Ahsante," akasema.

Nilidhani anashukuru kwa niaba ya umeme, kwa kuwa wao ni majirani. Ni kweli ile sauti ilifanana kidogo na yake. Hilo halikunisumbua, hata mtoto hufanana na nyumba aliyolelewa.

Nyumbani mke wangu alisikiliza, akaketi, akasikiliza tena.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema, 'Mwenzangu, umeamkaje? Mbuzi wamelala salama? Haya, tafuna kitu kidogo, hata ndizi ya jana. Chukua kidonge chako. Mimi nakungoja hapahapa.' Halafu ananyamaza. Halafu anasema, 'Umemeza? Na mimi nina changu, nakimeza sasa hivi. Tuko wawili. Kesho tena.'" Akanitazama kwa macho ambayo hakuwahi kunitazama nayo tangu harusi. "Umempata wapi mama huyu?"

"Siyo mama. Ni umeme wa Rusumo."

"Sawa. Kama hutaki kuniambia, usiniambie."

Hiyo ndiyo bahati mbaya ya mtu mcheshi: hata akiapa, watu wanamsubiri amalizie kichekesho.

Nikakata sufuria na chumvi, nikabakiza sauti, nikapanga saa. Asubuhi ya kwanza laptopu iliandika kwamba simu imepokelewa na imesikilizwa hadi mwisho. Siku iliyofuata vilevile. Mke wangu akaenda kuchungulia, akarudi na taarifa ambayo angeitangaza redioni kama angepewa nafasi. Mama yake siku hizi anaamka mapema, anavaa kitenge kizuri, anaketi kwenye kigoda na kopo la dawa mapajani, kitochi kimelala kwenye kiganja. Simu ikiita, haiachi iite mara mbili. Anajibu habari za mbuzi, mmoja mmoja. Ile sauti ikinyamaza kumngoja, anameza, anaonyesha ulimi kama vile anaonekana. Ikisema tuko wawili, anajibu, "Tuko wawili, mwenzangu."

"Lakini mama," mke wangu alimuuliza, "si anarudia maneno yaleyale kila siku?"

"Na mimi namjibu yaleyale. Salamu ni salamu. Wewe mwenyewe ukinisalimia huwa unabadilisha?"

Yule aliyetaka watu wa Nyakisasa wasijue, alianza kuwaambia mwenyewe. Alisema kanisani, akasema kisimani, akasema kwenye foleni ya mashine ya kusaga, kwamba yeye ana mtu wake Rusumo anayempigia kila asubuhi wanameza dawa pamoja, na wasio na mtu wao pole yao.

Siku ya kliniki tulikwenda wote. Shemeji zangu wawili walikuja wamevaa makoti ya kikao. Nilisimama mbali, kwa adabu, nyuma ya nguzo, na moyo wangu ulikuwa unadunda kiasi kwamba nesi angeweza kunipima mimi kutoka kule ndani. Akamfunga mama mkwe kile kitambaa, akapuliza, akatazama. Akabadilisha mkono, akapuliza tena.

"Mama, umefanyaje?"

"Nimemeza."

"Kila siku?"

"Ungekuwa na mtu anakungoja kwenye simu na kidonge mkononi, ungemwacha ameze peke yake?"

Nesi akacheka. Akasema presha imekaa vizuri kuliko ya nesi mwenyewe, aendelee hivyohivyo. Shemeji mkubwa akasafisha koo, akasema basi habari ya kuhama imekwisha, mbuzi wabaki. Mama mkwe akapiga vigelegele mle mle zahanati, na wajawazito waliokuwa kwenye benchi wakamwitikia bila kujua sababu. Mimi nyuma ya nguzo niliruka, nikagonga kichwa kwenye bati, sikuumia hata kidogo. Nilikuwa na nyumba yangu yote, mlango wangu wote!

Kisha nesi akanifuata nyuma ya nguzo. Mke wangu alikuwa amemweleza, naye alitaka kuona hicho kitu kinachopiga simu. Nilimfungulia laptopu niliyokuwa nimeibeba mgongoni, nikachomeka waya ukutani, nikamwonyesha programu huria, modemu, saa, sauti. Akaita mwenzake naye akaja kuona. Akaniuliza kama ingewezekana kuwakumbusha na kina mama wajawazito siku zao za kliniki, wale wanaotaka, kwa lugha wanayoielewa, maana wengine ni wa asili ya Burundi na Kiswahili chao ni cha sokoni tu.

"Lugha siyo tatizo," nikasema kwa kifua mbele. "Nachaji Rusumo."

Nesi akaandika kitu, sijui nini, labda "Rusumo".

Tulipokuwa tunaondoka, mama mkwe alimwita mke wangu pembeni, akampa kuku, tetea mweupe aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Akasema kwa sauti ya mimi kusikia, ingawa alikuwa anaongea na mwanawe, "Mwambie mkwe ampelekee yule mwenzangu. Mtu hakupigii kila asubuhi ukanyamaza."

"Mwambie mama," nikajibu nikitazama vidole vyangu, "hakuna mwenzake. Ni umeme."

"Mwambie mkwe, umeme hauulizi habari za mbuzi."

Ilikuwa mara ya kwanza tunabishana, mama mkwe na mimi, na tulibishana kwa adabu kabisa, mke wangu akiwa katikati kama modemu.

Kuku huwezi kumkataa. Nikaenda naye Rusumo, laptopu mgongoni na tetea kwapani, nimeshapanga la kufanya: nitachaji kwa ajili ya ujumbe wa wajawazito, na kuku nitamwacha kwa mlinzi wa getini kule kwenye mitambo, aupelekee umeme kwa namna anayojua yeye.

Mama ntilie alinipokea kwa mikono miwili.

"Marahaba baba, hata hujaamkia. Mama mkwe vipi? Anameza?"

"Anameza! Presha imeshuka, hahami tena!"

Aliweka mwiko chini, akafumba macho, akasema kitu kwa Kihangaza ambacho hata mimi nilikielewa kuwa ni shukrani kwa Mungu. Halafu akamwona kuku.

"Na huyu anakwenda wapi?"

"Huyu ni zawadi ya mama mkwe. Nampeleka mitamboni."

"Mitamboni kuna nani?"

"Si umeme, mama? Ule uliosema Kihangaza."

Alisubiri nimalizie kichekesho. Sikuwa nacho. Mnyarwanda mmoja aliyekuwa anakula akaacha tonge hewani. Mama ntilie akanitazama usoni, akaona kwamba sitanii, wala siku ile sikuwa natania. Hakucheka. Aliongea kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Mwanangu, umeme unachaji tu. Yale maneno niliyasema mimi ulipokwenda kuangalia maji. Nilidhani unaniomba kwa kuzunguka, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyomwomba mkubwa. Na kidonge nilimeza kweli, maana na mimi nina presha. Nipe huyo kuku."